Jasho Lile ni Langu

Mwanamume mzima, ana mjukuu anayesoma chuo kikuu kule Nyegezi, anatembea na leso ambayo haijaonja sabuni tangu Pasaka ya mwaka themanini na sita. Ameifunga kwenye mfuko wa nailoni na anaitoa kila anapotaka watu wanyamaze wamsikilize yeye. Huyo ndiye Elias, mwenyekiti wetu wa Baraza la Santuri. Leso hiyo, kwa maelezo yake, ilimfuta jasho mwimbaji Odeta akiwa jukwaani.

Jasho lile ni langu. Nililinyamazia miaka yote, na siku nilipolisema mbele za watu nusura nifukuzwe barazani.

Baraza lenyewe tunalifanya Jumapili mchana uani kwa Mwanaheri, Kirumba. Ua wenyewe umebanwa kati ya nyumba yake na mwamba mkubwa kuliko nyumba. Mwanaheri anauza khanga sokoni Nyamagana, na gramafoni tunayotumia ni ya marehemu baba yake. Taratibu zetu ni chache. Unaleta albamu moja, ile ambayo nyumba ikiungua ungekimbia nayo. Upande mmoja wa albamu unapigwa mzima, na santuri ikizunguka hakuna kufungua mdomo, hata ukiumwa na siafu. Ikiisha, unasimama unaeleza siku ulipoisikia bendi ile kwa masikio yako mwenyewe: ulikuwa ukumbi gani, ulikwenda na nani, ulivaa nini. Albamu isiyo na dansi lake hatuihesabu. Ya kununua dukani kila mtu anaweza kununua.

Mzee Luhende, aliyeshapita themanini, huleta albamu ileile ya rumba mwaka mzima na hakuna anayechoka. Bendi ile ilikwenda kwao Magu, jenereta ikazima katikati ya wimbo, magitaa yakafa. Mpiga ngoma akaendelea peke yake, na watu wa Magu wakaushika wimbo kwa midomo, wengine wakiwa gitaa la solo, wengine besi, mpaka fundi akarudi na petroli kwa baiskeli. “Taa zilipowaka,” husema Mzee Luhende, “tulikasirika sana.” Mwanaheri yeye ni mtu wa taarabu. Alikwenda harusi Ukerewe, mvua ikashuka, na mwimbaji akaukataa mwavuli kwa sababu wapinzani wake walikuwa wameketi mstari wa mbele wakisubiri akimbie. Aliimba nywele zikimlowa mpaka wapinzani ndio wakaondoka.

Mambo kama hayo ndiyo yaliyonishika. Tangu nifiwe na mume wangu, Ndalahwa, siku nyingine za wiki naziona kama foleni ya kuingojea Jumapili.

Sasa albamu ya Elias. Inaitwa Pasaka Mwanza, ya Orkesta Mawe Saba, bendi iliyokuwa na mtindo wake wa Tia Nanga. Ilirekodiwa na mfanyabiashara wa santuri aliyekuja na mashine yake kutoka Nairobi, ukumbini hapa mjini, watu wakicheza. Kwenye jalada kuna mwanamke mwenye wigi kubwa na miwani myeusi, na chini yake pameandikwa: Mwimbaji, Odeta. Upande wa pili wa santuri una wimbo mmoja tu mrefu, “Nilikuja kwa Miguu”. Ukiisha, Elias husimama, hukohoa, huitoa leso.

“Lilikuwa dansi la mchana,” husema. “Nilivaa suruali ya bugaluu, viatu vya visigino virefu. Odeta alipoufikia ubeti wa pili nikashindwa kuvumilia. Nikapanda jukwaani nikamfuta jasho. Aliniangalia, jamani. Yule mwanamke aliniangalia.”

Nilimwangalia, ni kweli. Niliogopa angenivua wigi.

Odeta hakuwepo ukumbini siku ile. Alikuwa Busisi, upande wa pili wa maji. Siku hizo hakuna daraja, ni kivuko tu mpaka Kigongo, na upepo ulikuwa umechafua ziwa, hakuna chombo kilichovuka toka asubuhi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaanga samaki jikoni pale ukumbini. Wiki nzima bendi ilikuwa inafanya mazoezi upande wa pili wa dirisha langu, na wiki nzima nilikuwa naimba pamoja nao juu ya karai. Kiongozi wa bendi akaingia jikoni jasho linamtoka. Akaniuliza kama wimbo ule mrefu naujua. Nikamwambia naujua kuliko mwenyewe. Sanduku la nguo za Odeta lilikuwa limetangulia na vyombo vya bendi, basi wakanivika wigi, wakanivika miwani, wakanisukuma jukwaani na harufu yangu ya sato.

Niliimba. Ukumbi ulisimama. Jioni nikarudisha wigi, nikarudi kuosha masufuria.

Mtaniuliza kwa nini nilinyamaza. Baba yangu alikuwa katekista, angenipokea kwa fimbo mlangoni. Mwaka uliofuata Ndalahwa alinioa. Nilimweleza kabla ya ndoa, naye akasema ataniamini siku zote ila jambo lile lisitajwe nyumbani kwake, maana mke wake si mtu wa dansi. Nilikubali. Nilimpenda yule mwanamume na sijutii. Lakini Ndalahwa sasa hayupo, nyumba ni yangu, na mdomo nao ni wangu.

Hata hivyo ningeweza kuendelea kuicheka ile leso kimoyomoyo. Kilichonipandisha hasira ni redio. Odeta alifariki Bukoba mwanzoni mwa mwaka huu, Mungu amlaze pema. Mtangazaji mmoja wa redio ya hapa mjini, anaitwa Shamsa, akatupigia kwamba angekuja Jumapili inayofuata kurekodi kipindi cha kumkumbuka. Angeipiga Pasaka Mwanza, na Elias angeeleza. Odeta mwenyewe sina ugomvi naye. Alikuwa na nyimbo zake nyingi nzuri, na wimbo ule mmoja hakuniibia, wengine ndio waliomwandikia. Ila niliona wazi kuwa redio ikishasema, imesema. Nitazikwa na sauti yangu ikiitwa ya mtu mwingine, na wajukuu zangu wataisikia bila kujua ni bibi yao.

Nikasimama palepale barazani.

“Mwenyekiti, wimbo ule usimpe Odeta.”

“Nimpe nani, Mama Queen?” Queen ni binti yangu, yuko Dodoma.

“Nipe mimi. Niliimba mimi.”

Kwanza walicheka. Walipoona sicheki, wakanyamaza. Nikawaeleza yote, kivuko, jiko, wigi, mpaka harufu ya sato. Elias alinisikiliza mikono kifuani.

“Mama Queen,” akasema, “marehemu hajamaliza hata mwaka kaburini, unataka kumvua nguo. Mimi nilikuwepo. Nilisimama karibu naye kama nilivyo karibu na wewe hapa. Nilimtazama usoni.”

“Ulitazama miwani.”

Mwanaheri aliangua kicheko akakizima haraka. Elias akawaka. Akasema baraza hili lina heshima yake, na mwanachama anayetunga dansi ambalo hakulifanya hafai kukaa humu. Niyafute maneno yangu au niondoke.

“Siyafuti,” nikamwambia. “Na siondoki. Nitoe kwa mikono yako, kama unayo.”

“Dada Selina,” Mwanaheri akanishika mkono, “tukuamini kwa lipi? Huna picha, huna mtu.”

Kweli sikuwa na mtu. Bendi yote imeshakwisha, mmoja baada ya mwingine.

Mzee Luhende ndiye aliyetutoa hapo. Ujana wake wote alikuwa mcheza ngoma, na sisi Wasukuma tuna namna yetu ya kumaliza ubishi wa aina hii. Makundi mawili, Wagika na Wagalu, yanaingia uwanja mmoja, siku moja, yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Hakuna jaji. Watazamaji wanatembea kwenda wanakovutiwa, na jua likizama, kundi lenye watu wengi ndilo lililoshinda. Aliyeshindwa hana pa kukata rufaa.

“Santuri iwekwe kule kwenye mwamba,” akasema Mzee Luhende, “Selina asimame huku getini. Waanze pamoja, wimbo uleule. Watu watembee. Selina akishinda, Elias atalitaja jina lake redioni. Akishindwa, asilitaje jambo hili tena humu ndani mpaka afe.”

Elias alikubali kabla mzee hajameza mate. Na mimi nikakubali, kwa sababu nilikuwa na hasira na kwa sababu sikuona nitashindwaje. Wimbo ni wangu! Nilifikiri watu watauona ukweli waje wasimame nao. Msukuma mzima, mtoto wa Wasukuma, nilisahau kwamba katika uwanja wa ngoma hakuna anayetafuta ukweli. Watu wanafuata utamu.

Queen alinipigia simu katikati ya wiki. Sijui nani alimwambia.

“Mama, miaka hamsini na nane, unakwenda kuimba mbele ya redio? Na sauti yenyewe ilishakauka?”

“Kilichokauka ndicho kinachowaka,” nikamjibu, nikakata simu. Kisha nikachemsha tangawizi nikanywa sufuria nzima, maana mtoto alikuwa amesema kweli.

Jumapili ua ulifurika. Mwanaheri alikuwa amewaambia wateja wake, na wateja wake waliwaambia wanaume zao. Kuna waliopanda juu ya mwamba wakakaa kama pimbi. Shamsa alikuja na mashine yake ya kurekodia, akaniamkia vizuri, shikamoo mama, nikamwitikia marahaba. Elias alivaa suti. Mimi nilivaa gauni langu la kila siku na kitambaa kichwani. Mtu mmoja alileta wigi, sijui alidhani tunaigiza, nikamwambia alirudishe alikolitoa.

Mzee Luhende alipima sauti ya spika mwenyewe, akaipunguza mpaka akaridhika kwamba haitanimeza. Watu wote wakaambiwa wasimame katikati. Elias akashusha sindano.

Gitaa likaanza kule mwambani, nami nikaingia nalo huku getini.

Ubeti wa kwanza ulinitendea wema. Ni wa chini, unataka pumzi tu, na pumzi ninazo. Nilikuja kwa miguu, sikuletwa na mtu. Wanawake wa sokoni wakaanza kusogea upande wangu, mmoja, wawili, wakaja kikundi, wengine wakinipigia vigelegele. Nikamwona Elias anapangusa paji la uso. Nikasema moyoni, leo utaifua hiyo leso.

Ubeti wa pili unapanda. Wanaoujua wimbo ule wanajua pale ninapopasema, neno “sikuletwa” linaporudiwa mara tatu na kila mara linapanda ngazi. Mara ya kwanza nilipanda. Mara ya pili nikateleza. Mara ya tatu sauti ilinikatikia kooni, ikatoka kama mlango wa bati. Na kule mwambani, kwenye kila ngazi niliyoanguka, msichana yule wa kwenye santuri alipita bila hata kushika ukuta.

Watu wakaanza kugeuka.

Sitaki kudanganya, iliniuma. Iliniuma nikataka kurusha kiatu. Niliwaona wanawake walewale walionipigia vigelegele wakisogea kinyumenyume, kwa adabu, kisha wakigeuka kabisa. Mwanaheri alibaki katikati akinitazama kwa huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko kuondoka kwao. Mwishowe naye miguu ilimpeleka. Mbele yangu ukabaki udongo mtupu uliofagiliwa.

Nikaendelea kuimba. Kwa kuwa sasa hapakuwa na mtu wa kunizuia, nikatega sikio na mimi kule walikokwenda. Miaka yote nilipoisikia santuri ile barazani nilikuwa naisikiliza kwa kinyongo. Siku ile niliisikiliza kama watu wengine. Mungu wangu, nilikuwa naimba! Msichana wa miaka kumi na tisa, mafuta ya karai mikononi, hajui kesho yake, anaishika sauti mahali ambapo waimbaji wenye majina hawafiki. Hata mimi ningemfuata. Waliniacha mimi ili wanifuate mimi, na hakuna mwanamke mwingine katika Mwanza yote ambaye angeweza kunipokonya watu namna ile. Nilijisikia fahari na hasira kwa wakati mmoja, mpaka machozi yakanitoka huku naimba, na sikuyafuta.

Kisha santuri ikaisha. Wenye albamu ile wanajua inavyoisha. Sauti inafifia, inafifia, gitaa linabaki dogo, halafu kimya. Watu wote wanadhani wimbo umefikia mwisho wake. Pale mwambani wakapiga makofi, Shamsa akaizima mashine yake, Elias akainua mkono juu kama mbunge aliyetangazwa.

Mimi sikunyamaza.

Siku ile ya Pasaka ulioisha ulikuwa utepe wa yule mtu wa Nairobi, kule kufifia alikutia baadaye; wimbo wenyewe ulikuwa bado. Watu wanaruka, sakafu inatikisika, kiongozi wa bendi ananizungushia kidole, endelea, endelea, na mimi maneno yote niliyoyasikia dirishani nilikuwa nimeyamaliza. Basi nikatunga. Nilitunga ubeti palepale, mdomo ukitangulia kichwa, na ukumbi mzima ukauitikia. Odeta hakuwahi kuuimba. Haukuandikwa popote. Nami nilikuwa nimeusahau, neno kwa neno, nilikuwa nimeusahau kabisa toka mwaka ule nilipoolewa. Lakini kule uani santuri ilipokata na mimi bado nimeachama, ukatoka wenyewe.

*Mkiniuliza nilikotoka, nitawaonyesha vumbi.*
*Mkiniuliza niendako, tazameni visigino.*

Watu wakageuka. Wengine wakacheka. “Anatunga,” mmoja akasema juu ya mwamba, “keshashindwa anatunga.” Hawakuwa na kosa. Kwao wimbo ulikuwa umekwisha, na mbele yao alisimama bibi mwenye sauti ya mlango wa bati anayeongeza maneno yake.

Elias peke yake hakucheka. Ule mkono wake ulikuwa bado juu, ila vidole vilikuwa vimelegea. Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni na mgeni. Midomo yake ilianza kucheza. Nikaurudia mstari wa pili, tazameni visigino, nikasubiri, kama nilivyosubiri siku ile ukumbini.

“Tumeviona, mama,” Elias akasema. Hakuimba, alisema tu, kwa sauti ndogo, na kisha kubwa zaidi: “Tumeviona.”

Hicho ndicho kiitikio. Ukumbi mzima uliimba hivyo, na katika ua ule wote ni yeye tu aliyekuwepo siku ile.

Akaanza kutembea. Aliiacha gramafoni ikizunguka bure, akawapita watu wake, suti na yote, akavuka ule udongo mtupu taratibu kama mzee anayevuka maji asiyoyajua kina. Mwanaheri aliniambia baadaye alidhani anakuja kunipiga.

Akafika mbele yangu. Uso wake ulikuwa umeharibika kabisa. Nilimwona anatafuta neno la kuniambia, na nilijua atakapolipata litakuwa refu, maana Elias hana maneno mafupi.

“Mama Queen, mimi siku ile nili—”

“Itikia,” nikamwambia.

Nikaimba tena mstari ule, naye akaitikia, sasa kwa kuimba, vibaya, puani, macho yamefumba. Tukaumaliza ubeti sisi wawili.

Mzee Luhende aliinuka pale alipokuwa ameketi. Alitazama mwambani, akatazama getini. Yeye ni mtu wa uwanja, na uwanja una sheria zake.

“Kule ni watu,” akasema. “Huku ni mtu mmoja. Selina, umeshindwa.”

“Nimeshindwa, mzee.”

“Na tulikubaliana hutalisema tena jambo hili humu ndani.”

“Sitalisema,” nikajibu. “Hatukukubaliana juu ya kuimba.”

Nikavuta pumzi, nikauanza ubeti upya.